Kichupa cha DHFR kimefika, sasa unafanyaje? Namna ya kutumia enzaimu ya bakteria bila kuiua njiani

Kichupa chenyewe kidogo kuliko kidole chako cha mwisho, ndani kuna maji maji kidogo tu yaliyoganda, ukikiinua kwenye mwanga huoni kitu, na hela iliyotoka hapo ukijumlisha usafiri na kuutoa mzigo unapata pikipiki ya mtumba. Halafu supavaiza anakwambia "anza wiki hii". Nimeona watu wengi wanaiua enzaimu ndani ya nusu saa ya kwanza, mimi mwenyewe nikiwemo, halafu wiki tatu zinazofuata wanaitafuta shida kwenye bafa (maji ya chumvi yanayotuliza pH), kwenye mashine, kwenye kila kitu isipokuwa pale ilipotokea. Kwa hiyo naandika hapa ninavyofanya mimi, kwa mfano wa enzaimu moja ninayoijua vizuri, DHFR ya bakteria E. coli, jina lake refu dihidrofoleti riduktezi. Shuleni tuliita kimeng'enya, maabara kila mtu anasema enzaimu, nami nabaki na hiyo.

Kwanza ujue umeshika nini. Hii ni protini ndogo, asidi amino 159, uzito kama kilodaltoni 18. Bakteria anaitumia kwenye mambo ya foleti, inachukua dihidrofoleti (tuite DHF) na NADPH (molekuli inayotoa elektroni) inatengeneza tetrahidrofoleti, ambayo bila hiyo bakteria hawezi kutengeneza thymidini ya DNA wala purini, anakwama hapo hapo. Na unaijua kuliko unavyodhani, maana Septrin ile ya kila duka la dawa, kidonge cha miligramu 480, ndani yake kuna miligramu 80 za trimethoprim na kazi ya trimethoprim ni kuikaba hii enzaimu. Zile 400 zilizobaki ni sulfamethoxazole, hiyo inapiga enzaimu nyingine ya juu kidogo kwenye njia hiyo hiyo. Sisi binadamu nasi tuna DHFR yetu, ila trimethoprim inaing'ang'ania ya bakteria maelfu ya mara zaidi kuliko ya kwetu, ndio maana unameza Septrin na unabaki mzima. Dawa hiyo ilitoka kwenye timu ya George Hitchings pale Burroughs Wellcome, yeye na Gertrude Elion wakaja kupata Nobel mwaka 1988 pamoja na James Black.

Rikombinanti maana yake hawakuikamua kutoka kwa bakteria wa kawaida. Jini yake, folA, imepachikwa kwenye plasmidi (duara dogo la DNA), plasmidi ikaingizwa kwa E. coli wa maabara, akalazimishwa aitengeneze kwa wingi, halafu ikasafishwa. Mara nyingi wanaiongezea mkia wa histidini sita ili ishikike kwenye koloni ya nikeli (bomba la kusafishia protini), kwa hiyo ukiiona kwenye jeli ya kupimia ukubwa wa protini imekaa kama kilodaltoni 20 badala ya 18 usishtuke, ni mkia huo. Na kwa faida ya yule aliyeniuliza kama mjamzito anaweza kuinywa iongeze foliki asidi: hapana ndugu yangu, kichupa kimeandikwa kwa utafiti tu na kweli ni kwa utafiti tu, foliki asidi nenda kliniki wanatoa.

Kabla mzigo haujafika soma ile datashiti, sio kuipiga picha na kuiweka kwenye simu, soma. Unatafuta mambo manne tu. Ukolezi ni ngapi, miligramu ngapi kwa mililita. Imo ndani ya bafa gani na kuna glaiseroli kiasi gani. Ina mkia au haina. Na "yuniti" yao wameipimaje, maana yuniti moja kwa kawaida ni kiasi cha enzaimu kinachobadilisha mikromoli 1 ya sabstreti (kile enzaimu inachokibadilisha) kwa dakika moja, lakini kwa joto gani na pH gani hapo ndipo kila muuzaji ana lake. Ukiona wameandika yuniti bila kusema joto, usiitegemee hiyo namba, utapima mwenyewe.

Sasa kupokea. Mara yangu ya kwanza mzigo ulifika Ijumaa jioni, mtu wa kuupokea hayupo, ukalala wikendi nzima kwenye chumba cha mizigo, Jumatatu nafungua boksi barafu kavu yote imeisha, kuna karatasi lililolowa na kichupa kinaelea kwenye maji ya uvuguvugu. Nikakitia kwenye friza ya nyuzi hasi 80 haraka haraka kama vile nikikigandisha tena dhambi zote zinafutika. Haikuwa hivyo. Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi: namwandikia muuzaji asitume baada ya Jumanne, namba ya mzigo naifuatilia mwenyewe, na boksi likifika nafungua na mtu mwingine akiwepo, napiga picha barafu ilivyo na naandika saa. Kama barafu imeisha usiitupe, DHFR sio laini sana kama wengine wanavyofikiri, ipime siku hiyo hiyo kabla ya kugandisha tena, ukiwa na namba mkononi ndio unaandika barua ya malalamiko.

Kitu cha pili, na hapa naomba unisikilize kuliko sehemu nyingine yote ya makala hii: GAWA KABLA YA KUTUMIA. Kichupa kiyeyushe kwenye barafu taratibu, sio kwenye kiganja wala kwenye maji ya moto, kizungushe kwenye sentrifuji ndogo sekunde chache ili kilichonasa kwenye kifuniko kishuke (unaweza kupoteza robo ya hela yako imekaa kwenye kifuniko), changanya kwa kugonga gonga na kidole au kwa pipeti polepole, usiweke kwenye votex (mashine ya kutikisa), povu kwenye protini ni kilio. Halafu gawa mikrolita 5 au 10 kwenye tyubu ndogo ndogo zilizopoa tayari, kila moja itumike siku moja tu. Andika jina, ukolezi, namba ya bechi na tarehe, kwa peni isiyofutika, maana friza ikipata umande wino wa kawaida unaondoka na unabaki na tyubu kumi za siri. Kuyeyusha na kugandisha mara kwa mara ndiko kunakomaliza enzaimu nyingi kuliko kukaa miezi mingi kwenye baridi.

Kama maabara yenu umeme unakatika kila siku mbili, fikiria kuihifadhi kwenye glaiseroli asilimia 50 kwa hasi 20, haigandi kuwa jiwe kwa hiyo umeme ukiyumba yenyewe haipitii kuganda na kuyeyuka. Sio ya miaka mitano, lakini kwa tasnifu ya masters inatosha kabisa. Usiweke kwenye friji ile inayojiyeyusha barafu yenyewe, ile inapasha joto kila baada ya muda bila wewe kujua.

Bafa yangu ni ya kimaskini na inafanya kazi: fosfeti ya potasiamu mM (milimola) 50, pH 7.0, na DTT mM 1. DTT weka siku ile ile asubuhi, hii enzaimu ina sisteini mbili (asidi amino zinazooksidika kirahisi) na DTT ndiyo inazilinda, ila DTT iliyokaa wiki kwenye chupa imeshaoza, unaweka harufu tu. Ukitaka mbwembwe kuna bafa za vitu vitatu vinne ambazo watu hutumia wakitaka kubadilisha pH bila kubadilisha chumvi, kama hufanyi utafiti wa pH usijisumbue.

NADPH. Angalia hiyo P. Nimewahi kukaa siku mbili na kijana wa watu anapata mstari umelala tu kwenye mashine, yaani enzaimu haifanyi kazi, kila kitu kipya, kila kitu kwenye barafu, mpaka nikamwambia lete chupa yenyewe nione, ni NADH. Alichukua kwa sababu ilikuwepo na ni bei rahisi. DHFR inaipenda yenye P, ile nyingine inaitumia kwa shida sana. Iyeyushe kwenye bafa ya Tris mM 10 yenye pH 8, asidi inaivunja, kwa hiyo usiiyeyushe kwenye maji yaliyochujwa tu ukaiacha hapo, mengi ya maji hayo yamenywa kaboni dioksidi yana asidi kidogo. Tengeneza stoku ya mM 10, izimue (ipunguze ukali kwa bafa) mara 100 upime kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaonyonywa, kwa nanomita 340 ambako NADPH inanyonya, inatakiwa isome karibu na 0.62 kwa kuveti (kikopo angavu cha kupimia) ya sentimita moja. Ikisoma 0.4 basi stoku yako sio mM 10, hata kama mizani ilisema nini.

Halafu DHF, hii ndiyo yenye madeko. Haipendi mwanga, haipendi hewa, na haipendi kuyeyuka. Unga wake uache utulie joto la chumba chupa ikiwa imefungwa kabla hujaifungua, ukiifungua ya baridi na huu unyevu wetu wa pwani inanyonya maji mbele ya macho yako. Pima kidogo, weka kwenye bafa yenye merkaptoethanoli mM 10 (fungua ndani ya fyumu hudi, kama huna hudi tumia DTT na majirani watakushukuru), ikikataa kuyeyuka dondoshea hidroksidi ya sodiamu tone kwa tone mpaka maji yawe angavu, usipitilize. Funga tyubu na foili. Upime ukolezi kwa nanomita 282, hapo unahitaji kuveti ya kwatzi maana za plastiki hazioni huko, namba ya kutumia ni 28,000 kwa mola kwa sentimita. Stoku ya mM 5 ikizimuliwa mara 100 inatakiwa kusoma kama 1.4. Rangi yake iwe hafifu, ikikolea kuwa njano nzito au kahawia imeshaoksidika, mwaga. Gawa na hii pia kwenye tyubu ndogo, hasi 80, gizani. Mimi kila asubuhi natoa moja na jioni inayobaki naitupa, inaniuma lakini naitupa.

Sasa hesabu ya enzaimu, watu wanaiogopa bure. Tuseme stoku yako ni miligramu 1 kwa mililita na ina mkia kwa hiyo uzito kilodaltoni 20, hiyo ni mikromola 50. Chukua mikrolita 2 weka kwenye 98 za bafa yenye BSA (protini ya damu ya ng'ombe) kidogo, miligramu 0.1 kwa mililita, unapata mikromola 1. BSA ni ya nini? Protini ikiwa chache sana inajibandika kwenye kuta za plastiki, unadhani umeweka enzaimu kumbe umeipaka tyubu rangi. BSA inajibandika badala yake. Hii ya mikromola 1 ni ya leo tu, kaa nayo kwenye barafu, ikipita saa chache tengeneza nyingine.

Kwenye kuveti ya mililita 1: bafa mikrolita 970, NADPH ya mM 10 mikrolita 10, enzaimu ya mikromola 1 mikrolita 10. Changanya, subiri dakika tano. Halafu ndio DHF ya mM 5 mikrolita 10, geuza mara mbili tatu ukiwa umeziba na parafilm, tia kwenye mashine, anza kurekodi kwenye 340. Mwisho unakuwa na NADPH mikromola 100, DHF mikromola 50 na enzaimu nanomola 10. Kuveti ya plastiki ya kawaida kwa 340 haina neno.

Usiruke ile dakika tano. DHFR ya E. coli ina tabia ya kuanza na mguu mzito, ukiitupia sabstreti zote kwa pamoja inaanza polepole halafu inachangamka, unapata mstari uliopinda mwanzoni na hujui upime wapi. Ikikaa kwanza na NADPH inakuwa imeshajipanga, ukiweka DHF inashuka moja kwa moja.

Na joto. Andika nyuzi 25 kwenye ripoti ikiwa kweli ni 25, Dar mwezi wa pili na AC imekufa chumba kinafika 31 na wewe bafa umeitoa kwenye friji sasa hivi, hiyo ni nyuzi ngapi? Kuna siku mstari wangu ulikuwa UNAPANDA. Enzaimu inatakiwa ishushe namba, yangu inapandisha. Nikabadilisha NADPH, nikabadilisha DHF, nikaanza kufikiria nimegundua kitu. Nikaja kuitoa kuveti nikaishika, imelowa nje, imetoa jasho kama chupa ya soda mezani, ule umande ndio ulikuwa unakua mbele ya mwanga na mashine inausoma kama rangi. Toka siku hiyo bafa naitoa nusu saa kabla, na kuveti nafuta na tishu laini pande zile mbili za mwanga kabla ya kuingiza, kila mara, hata nikiona kavu.

Ukiwa na mstari mzuri hesabu ni fupi. Kila mikromola 100 zinazobadilika zinashusha 340 kwa 1.23, yaani namba ya kutumia ni 12,300 kwa mola kwa sentimita, sio ile 6,220 ya NADPH peke yake uliyokariri chuoni, kwa sababu hapa DHF nayo inapotea na yenyewe pia inanyonya mwanga kwenye 340. Ukitumia 6,220 unajizawadia spidi karibu mara mbili, nimeiona mpaka kwenye poster za mkutano. Mfano: imeshuka 0.089 kwa dakika, gawanya kwa 12.3 unapata mM 0.0072 kwa dakika, ambayo kwenye mililita moja ni nanomoli 7.2 kwa dakika. Uliweka enzaimu mikrogramu 0.2. Kwa hiyo ni kama yuniti 36 kwa miligramu. Enzaimu nzima ya E. coli kwa pH 7 na nyuzi 25 inazunguka kama mara 12 kwa sekunde, hesabu ya hapo juu inaangukia humo humo, kwa hiyo ukipata thelathini na kitu, tulia. Ukipata 5, enzaimu imeumwa au pipeti yako ndiyo inaumwa, anza na pipeti, pima maji mikrolita 10 kwenye mizani mara tano uone.

Kuna kitu kimoja cha bure ambacho watu hawakitumii. Ukishapata spidi usitoe kuveti, iache mpaka mstari ulale. Jumla ya kushuka inakwambia DHF ilikuwa kiasi gani kweli. Kama ni mikromola 50 inatakiwa ishuke kama 0.615. Ikishuka 0.4 ikaishia hapo basi DHF hai ilikuwa kama mikromola 32, iliyobaki ilishaharibika kabla hujaanza. Dakika kumi tu za kusubiri, na DHF yako imejieleza yenyewe.

Mstari ukishuka fyaa ukalala kabla hujakaa kwenye kiti, enzaimu ni nyingi, izimue zaidi. Ukilala tangu mwanzo, angalia P ya NADPH, halafu angalia kama kweli uliweka enzaimu (usicheke). Na usijaribu kupima Km ya DHF (ukolezi unaoipa enzaimu nusu ya spidi yake ya juu) kwa mashine hii ya kawaida ukaandika kwenye tasnifu, Km yake iko maeneo ya mikromola 1, na mikromola 1 nzima ikiisha inashusha 0.012 tu, hiyo ni kelele ya mashine. Wanaofanya hivyo wanatumia fluoresensi (kupima mwanga ambao molekuli inautoa) au vifaa vya kupima kwa kasi kubwa. Ukitumia pleti ya visima 96 kumbuka mikrolita 200 hazifiki sentimita moja kwenda juu, ni kama nusu na kidogo, inategemea pleti, kwa hiyo rekebisha njia ya mwanga la sivyo namba zako zote zitakuwa nusu.

Tuje kwenye kile ambacho wengi wetu ndicho tunachoitakia hii enzaimu, kupima vizuizi, na kwa kwetu mara tisa kati ya kumi ni mitishamba. Kwanza lazima uwe na kizuizi unachokijua, mimi natumia trimethoprim safi ya unga. Miligramu 2.9 kwenye mililita 1 ya DMSO (kiyeyushi) ni mM 10, kutoka hapo unashuka. Methotrexate nayo inaikaba vikali lakini ile ni dawa ya saratani, sumu kwa seli zako pia, glovu mbili na taka zake hazimwagwi kwenye sinki, kama huna sababu usiiguse. Na tafadhali usisage kidonge cha Septrin ukakiita kontroli (kipimo cha kulinganishia), mna sulfa na unga wa kushikilia kidonge, kumuonyesha mwanafunzi sawa, kwenye data hapana.

DMSO iwe asilimia 1 au chini na iwe SAWA kwenye kila kuveti, pamoja na ile isiyo na dawa. Kizuizi kiwekwe pamoja na enzaimu na NADPH kwenye zile dakika tano, mimi nampa hata kumi, halafu ndio DHF. Utaona trimethoprim inaizima kwenye nanomola chache hadi makumi. Usishangae IC50 yako (ukolezi wa dawa unaozima nusu ya kazi ya enzaimu) haifanani na ya mtu mwingine, dawa hii inagombania kiti kimoja na DHF, ukiongeza DHF IC50 inapanda. Na kwa enzaimu ya nanomola 10 huwezi kupata IC50 chini ya nanomola 5 hata ungekuwa na dawa ya malaika, kwa sababu kuzima nusu ya enzaimu unahitaji angalau molekuli za kutosha nusu hiyo. Mtu akikuletea IC50 ya nanomola 1 muulize aliweka enzaimu kiasi gani.

Sasa mwarobaini, mlonge, magome ya huku na kule. Ekstrakti yenyewe rangi ya chai ya rangi, unaitia kwenye kuveti, mashine inasoma 2.8 hata kabla hujaweka kitu, halafu mstari umelala tuli na wewe unapiga simu nyumbani. Polepole. Kwanza pima ekstrakti peke yake kwenye 340, ikizidi kama 0.3 punguza, kwa sababu ukichanganya na NADPH na DHF ambazo tayari zinakupa karibu 1 mashine inakuwa haioni tena tofauti. Pili weka ekstrakti na kila kitu bila enzaimu, uone kama yenyewe inakula NADPH. Tatu, na hii ndiyo iliyonivunja moyo mara moja, rudia yote ukiwa umeongeza Triton X-100 (aina ya sabuni) asilimia 0.01. Tanini na wenzake wanakamata protini yoyote inayopita, na molekuli nyingine zinajikusanya madonge madonge na kunyonya enzaimu juu yake, hiyo sio dawa, huo ni udanganyifu. Nilikuwa na ekstrakti moja imezima enzaimu kabisa, mstari umenyooka kama rula, nilishaanza kuandika kichwa cha habari cha paper, nikaweka Triton kidogo hivyo enzaimu ikaamka ikafanya kazi kama hakuna kilichotokea. Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa sikuja kazini.

Ikipita hapo, ijaribu kwa enzaimu nyingine isiyohusiana kabisa, ikizima na hiyo pia basi inazima kila mtu. Na ikipita hapo pia bado usiandike kwamba umepata dawa ya malaria. Najua kishawishi kinatoka wapi, SP (sulfadoxine na pyrimethamine) tuliitumia wote, Tanzania ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria toka 2001 mpaka dawa mseto ilipoingia 2006, na wajawazito wanapewa mpaka leo kliniki, na pyrimethamine iliyomo kweli inapiga DHFR. Lakini ni DHFR ya Plasmodium, ambayo imeungana na enzaimu nyingine kuwa mnyororo mmoja, umbo lake sio hili, na mabadiliko kama ile ya nafasi ya 108 serini kuwa asparajini ndiyo yaliyoidhoofisha SP. Yako ni ya E. coli. Sema imezuia DHFR ya E. coli kwenye kuveti, ishia hapo.

Kuhusu kutengeneza mwenyewe badala ya kununua, kama mna plasmidi na koloni ya nikeli fanyeni, hii ni moja ya enzaimu rahisi kabisa, inatoka kwa wingi na inayeyuka. Seli za BL21(DE3) (E. coli wa maabara), nyuzi 37 mpaka OD (ukungu wa seli) 0.6, IPTG (kiwashio cha jini) mM 0.5, saa tatu nne, vunja seli, nikeli, osha na imidazoli mM 20 au 30, toa na imidazoli mM 250, dayalaisi usiku kucha kuondoa imidazoli. EDTA isikaribie koloni ya nikeli (inang'oa nikeli) na DTT iongeze baada ya kutoka, nikeli ikigeuka kahawia ujue ndiyo hiyo. Tahadhari moja tu ambayo haiandikwi mara nyingi: bakteria anayekutengenezea naye ana DHFR yake. Kama unatengeneza ya kawaida haina shida, lakini kama yako ni myutanti (iliyobadilishwa jini) dhaifu, chembe kidogo ya ile yake nzima ikipenya inaweza kuwa ndiyo unayoipima siku nzima, kwa hiyo osha koloni kwa subira na usiamini utendaji wa myutanti mpaka uwe na kontroli ya seli zenye plasmidi tupu zilizopitishwa koloni ile ile.

Enzaimu yenyewe haina uhai wala haiambukizi, kilichobaki kinaenda na taka za kawaida za maabara, taka za DMSO na merkaptoethanoli zina chupa yake. Ile tyubu ya mikromola 1 iliyobaki jioni usiirudishe kwenye friza hata iwe imejaa, kesho itakudanganya. Mimi nawapa wanafunzi wa field wajifunzie kupipeti, nawaambia wapate mistari mitatu inayofanana, na mara nyingi saa kumi na moja jioni bado wapo pale wanafuta kuveti.